Jioni ya siku ya tisa: uchambuzi wa kisa cha familia iliyokimbia kipigo

Jioni ya siku ya tisa tangu apokewe, mama alianza kukunja nguo za watoto. Hakusema anakwenda wapi. Mwenyeji wake alipomuuliza, alijibu kwa utulivu, kama mtu anayeitikia salamu: "Dada, mmenisitiri vya kutosha. Shemeji analala kwenye kiti wiki nzima sasa. Acha nirudi, nitajua la kufanya hukohuko."

Nimekichukua kisa hiki kwa sababu ya maneno hayo. Ni kisa cha mfano, kimesukwa kutokana na mambo yanayojirudia katika familia zinazokimbia ukatili, ndiyo maana hakina majina wala mji. Mama huyu hakumkumbuka mume, wala hakuziamini ahadi zake. Alikuwa anarudi kwa sababu aliona haya kuendelea kuwa mzigo. Tumezoea kumtazama aliyekimbia: ana majeraha gani, watoto wangapi, kesi imefika wapi. Aliyempokea hatumtazami kabisa, na kwa maoni yangu kamba hukatikia kwake mara nyingi kuliko mahali pengine popote.

Kabla ya usiku ule

Ndoa ilikuwa ya miaka 14, na watoto watatu: mvulana wa miaka 13, msichana wa miaka 8 na mdogo wa miaka 3. Kipigo cha kwanza kilikuja mwaka wa tano. Anayeanzia hapo kuchambua amechelewa. Kufikia wakati huo mama alikuwa ameshaachishwa kazi "ili alee watoto", matumizi yalishakuwa yanakaguliwa kila jioni risiti kwa risiti, na simu yake ilikuwa wazi kwa mume wakati ya mume haigusiki. Walihama mara mbili, kila mara wakizidi kwenda mbali na watu waliomfahamu mama. Mkataba wa pango uliandikwa jina la mume peke yake. Kulikuwa pia na mkopo ambao mama hakuishika hata sarafu yake moja. Huo uliandikwa jina la mama.

Msomi Evan Stark ndiye aliyeeneza, hasa tangu mwaka 2007, hoja kwamba udhibiti wa namna hii ndio shina la ukatili, na kipigo ni tawi lake mojawapo. Uingereza iliufanya kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 2015. Katika kisa chetu hoja hiyo inasaidia kuona kwamba familia hii haikukosa makazi usiku ule wa kukimbia. Ilinyang'anywa makazi kidogokidogo kwa miaka. Mume alikuwa na msemo wake: "Ukitoka, umetoka na nguo ulizovaa." Watu waliusikia wakadhani ni hasira, kumbe yalikuwa maelezo sahihi ya hali aliyokwisha kuijenga. Majirani waliokuwa wakiulizana mbona mama haondoki wangepata jibu kwenye karatasi: hana mkataba, hana akiba, hana rekodi ya kulipa kodi hata mwezi mmoja kwa jina lake, na ana deni.

Lipo jingine lililopita bila kuonekana. Mume alimkaba koo mara mbili katika mwaka wa mwisho. Mara ya pili mama alikwenda kutibiwa, akasema "alinishika shingo", na kwenye cheti pakaandikwa maumivu ya koo. Kukabwa mara nyingi hakuachi alama ya kuonekana kwa macho. Hata hivyo utafiti wa Nancy Glass na wenzake, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta kwamba kwa mwanamke anayeteswa, kuwahi kukabwa na mwenza wake kunaongeza uwezekano wa kuuawa naye kwa zaidi ya mara saba. Muuguzi na mtafiti Jacquelyn Campbell alitengeneza tangu miaka ya 1980 orodha ya maswali ya kupima hatari ya mauaji, na kukabwa kumo, pamoja na vitisho vya kuua, silaha ndani ya nyumba, wivu usio na mipaka, na kama mwanamke ameondoka karibuni. Hili la mwisho huwashangaza wasaidizi wapya. Wanadhani akishatoka hatari imeisha, wakati majuma ya kwanza baada ya kutoka yanaweza kuwa mabaya kuliko yote.

Siku tatu kwa mama mdogo

Alitoka saa nane usiku, watoto watatu na mfuko mmoja. Ndani ya mfuko: kadi ya kliniki ya mtoto mdogo, sare za shule, chaja isiyolingana na simu. Vyeti vya kuzaliwa vilibaki. Alikwenda kwa mama yake mdogo, mahali ambapo mtu yeyote angekwenda, na kwa sababu hiyohiyo mahali ambapo mume angeanzia kutafuta.

Saa moja asubuhi mume alikuwa mlangoni na wazee wawili. Alikuwa mpole. Mkononi alishika viatu vya mtoto mdogo. Ningependa kila anayesaidia familia za namna hii avikumbuke viatu vile, kwa sababu viliwalainisha wote waliokuwa sebuleni. Mtu mwenye viatu vya mtoto mkononi anaonekana baba kabla hajaonekana kitu kingine.

Kikao kikakaa. Kila mmoja akapewa nafasi ya kusema, jambo linaloonekana la haki hadi umtazame mama: lolote atakalosema, lisipokubaliwa, atarudi usiku huo kulala na mtu aliyelisikia. Akasema machache. Wazee wakahitimisha kwamba mume aombe radhi, mke avumilie. Mume akaomba radhi vizuri sana.

Sipingi wazee kupatanisha watu. Wana ndoa waliogombana kwa matumizi au kwa maneno ya mawifi wanaweza kukaa mezani sawasawa. Aliyekabwa na aliyemkaba hawako sawasawa, na meza haiwezi kuwafanya wawe. Mkataba wa Istanbul wa mwaka 2011, ule wa Baraza la Ulaya dhidi ya ukatili kwa wanawake, katika ibara ya 48, unazitaka nchi wanachama kukataza upatanishi wa lazima katika kesi za ukatili wa aina hii, na sababu yake ndiyo niliyoieleza. Mama mdogo hakuwa amesoma mkataba wowote, ila aliona mkono wa binti wa dada yake ukitetemeka alipopewa viatu. Akasema watoto wana homa, hawatoki leo. Uongo huo uliwanunulia siku mbili.

Katika siku hizo alipigiwa simu mtu wa nyumba salama, yaani makazi ya muda ya wanawake wanaokimbia ukatili. Nafasi ilikuwepo, kwa mama na watoto wawili wadogo. Mvulana wa miaka 13 hakukubalika; nyumba nyingi za aina hiyo zina ukomo wa umri kwa watoto wa kiume, na sababu zao si za kipuuzi, kwani wanawake wanaolala humo wamekimbia wanaume. Lakini mama angempeleka wapi? Kwa baba yake? Alikataa kuwagawa watoto. Kwenye daftari la huduma pakaandikwa "mteja amekataa". Neno hilo linaniudhi hadi leo, maana atakayelisoma baadaye ataona mwanamke asiyejua anachotaka.

Tangu London mwaka 1971, nyumba ya Chiswick ilipofunguliwa kama mahali pa wanawake kukutana ikafurika wanawake wenye watoto wasio na pa kulala, nyumba salama zimekuwa ndogo kuliko mahitaji. Wengi wanaokimbia hawalali humo. Wanalala sebuleni kwa mtu.

Mwenyeji

Mtu huyo, hapa, alikuwa mwanamke aliyefanya kazi na mama zamani. Mume hakumjua. Ana vyumba viwili, mume, watoto wawili, na mwenye nyumba asiyependa wageni. Alisema ndiyo kwenye simu kabla mama hajamaliza kueleza.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama hakusubiri kupewa. Tangu siku ya kwanza aliamka kabla ya wote, akafagia, akapika, akafua mpaka nguo zisizo zake. Kwa nje inaonekana ni shukrani. Ndani ya nyumba ilimfanya mwenyeji ajione mgeni jikoni mwake, na alishindwa kulalamika, kwa sababu utamlalamikiaje mtu anayekufulia? Mtoto mdogo alikojoa godoro kila usiku. Msichana hakuwa akizungumza isipokuwa na mama yake. Mvulana alilala akiwa ameegemeza mgongo mlangoni, na asubuhi moja mume wa mwenyeji alipotaka kutoka kwenda kazini alimkuta amekaa macho, ameshika mwiko.

Kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, ambacho mwenyeji ni mwanachama, kilisikia siku ya nne. Kikafanya kile ambacho vikundi hufanya. Wakachanga, wakanunua magodoro mawili, nguo, madaftari. Na mmoja wao, kwa moyo safi kabisa, akapiga picha ya watoto wakiwa wamekalia magodoro mapya, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa: familia hii imekimbia ukatili, ipo kwa fulani, mwenye chochote alete.

Penye wengi pana mengi. Picha ilifika kwa binamu wa mume kabla ya jua kuzama. Siku ya sita mume alikuwa nje ya lango la shule. Hakumgusa mtu. Alisimama tu, akampungia mkono msichana.

Hapa sina budi kuwa mkali, kwa kuwa kosa hili hurudiwa na watu wema kila mahali. Kikundi kilitaka michango, na michango hufuata picha. Lakini siri ya mahali ilikuwa ndiyo mali pekee familia ile iliyobakiwa nayo, na iliuzwa kwa magodoro mawili. Kuanzia siku hiyo walikubaliana kwamba mtu mmoja tu ndiye atakayeisemea familia, michango itaombwa bila jina, picha wala mtaa, na atakayeuliza "wapo wapi" ataambiwa wapo salama. Kijana mmoja anayetengeneza simu aliikagua ya mama akakuta akaunti yake imefunguliwa pia kwenye kifaa cha mume, na huenda mahali alipo palikuwa panaonekana muda wote. Hawakuizima pale pale. Mume angejua ameshtukiwa. Mama alipewa simu nyingine na laini mpya kwa mawasiliano yake, na ile ya zamani ikaachwa kwa mama mdogo, ambako mume alishapajua.

Ndipo tukafika jioni ya siku ya tisa, nguo zikikunjwa.

Mwenyeji alimpigia mwenyekiti wa kikundi, naye akaja usiku ule ule. Alichokifanya ndicho kiini cha kisa hiki kwangu. Hakuanza na mama. Alimtoa mwenyeji na mumewe nje, wakakaa kwenye ngazi, akawauliza: "Nyinyi wenyewe mnaweza kwa siku ngapi bila kuharibikiwa? Msiniambie jibu zuri, niambieni la kweli." Hakuna aliyewahi kuwauliza. Mume wa mwenyeji, ambaye wote walidhani amechoka na wageni, alisema hajachoka nao. Anaogopa mwenye nyumba atawafukuza wote, na anaogopa yule bwana atakuja yeye akiwa kazini. Mwenyeji alisema siku 21 zaidi. Akalia baada ya kusema, kama aliyekiri kosa.

Kikundi kikajipanga kuzunguka namba hiyo. Bili za maji na umeme za nyumba ile zikalipwa kwa mwezi mmoja na kikundi, na fedha akapewa mwenyeji mkononi, si mgeni. Mwenyekiti na katibu wakaenda kwa mwenye nyumba pamoja, wakamwambia ni wageni wa muda wa mwanachama wao, wataondoka tarehe fulani, na uharibifu wowote kikundi kitalipa. Alikubali akinung'unika. Watoto wadogo wakawa wanashinda kwa wanachama wawili tofauti kila alasiri ili nyumba ipumue. Mvulana akapata mahali pa kulala kwa mjomba wa mmoja wao, nyumba ya tatu kutoka pale, akirudi kila jioni kula na mama yake. Mume wa mwenyeji akarudi kitandani kwake.

Kisha ndipo mwenyekiti alipozungumza na mama, akamwambia mambo mawili: hapa unakaa hadi tarehe hii, na tunatafuta nyumba. Nguo zikafunuliwa.

Najua ni kitu kidogo. Lakini angalieni kilichobadilika. Godoro ni lile lile, chumba ni kile kile. Fadhila isiyo na mwisho humtesa anayeipokea kuliko anayeitoa; ilipopewa tarehe ikawa mpango.

Usiku mmoja wa kurudi

Siku ya 13 mama alikwenda kwa mume. Alipelekewa ujumbe kupitia mama mdogo kwamba baba watoto ni mgonjwa sana na anataka kumwona mdogo. Akaenda na mtoto, akalala, akarudi kesho yake saa sita mchana na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote watatu vikiwa ndani ya nepi.

Kama alikwenda kwa huruma au kwa ajili ya vyeti, hakusema, na sidhani kama yeye mwenyewe angeweza kutenganisha. Kikundi kiligawanyika. Wengine walisema wamechezewa, fedha ya watu imepotea, na kama anampenda akakae naye. Kikao kilikuwa kigumu, na mwanachama mmoja alijitoa. Waliobaki waliandika kanuni ya mstari mmoja kwenye daftari lao: akirudi kwake hatufungi mlango, akija tena hatumuulizi kwanza. Wangekuwa na sababu nzuri ya kuacha. Lakini mtu aliyedhibitiwa miaka 14 hujifunza kutoka kama mtoto anavyojifunza kutembea, na vyeti vile ndivyo vilivyotumika wiki mbili baadaye kuwahamisha watoto shule.

Nyumba

Niliulizwa kuhusu kisa cha namna hii: kwa nini aondoke yeye na watoto, abaki aliyepiga? Ni swali zuri. Austria tangu mwaka 1997 inawapa polisi mamlaka ya kumtoa mkosaji nyumbani na kumkataza kurudi kwa muda, na nchi nyingine zimeiga. Mama aliposhauriwa kuomba amri ya kumtoa mume, alikataa kwa sababu za kueleweka: ndugu wa mume wanaishi mlango wa pili, na funguo za nyumba ile zimeshapita mikono mingi. Aliomba amri ya ulinzi pekee, ya kumkataza mume asiwasogelee, akaipata siku ya 17. Nakala ikapelekwa shuleni, maana mwalimu wa zamu hawezi kumzuia baba mlangoni kwa hadithi tu. Safari hii kukabwa kuliandikwa kama kukabwa. Mwanachama mmoja alimsindikiza hospitali na kumsisitizia daktari neno hilo.

Kupata nyumba kulikwama pale tulipotarajia. Wenye nyumba watatu walimkataa kwa kuwa hana mdhamini wala barua ya mwenye nyumba wa zamani. Kikundi hakikuwa na fedha nyingi, ila kilikuwa na kitu ambacho mama hakuwa nacho: jina. Vitabu vyao vya hesabu vilikuwa safi kwa miaka mingi. Mweka hazina alivibeba kwapani, akaenda naye kwa mwenye nyumba wa nne, akasaini kama mdhamini. Kodi ya kuanzia ilitoka sehemu mbili, nusu msaada na nusu mkopo wa kikundi.

Ule mkopo, kwa maoni yangu, ulikuwa kosa. Mama tayari alikuwa na deni asilolikopa. Miezi miwili baadaye alianza kukwepa mikutano kwa sababu ya marejesho, na kukwepa mikutano kulimtenga na watu walewale waliomsitiri. Kikundi kikaufuta katika mwezi wa nne tangu autwae, baada ya mvutano. Fedha ya kuhamia inafaa kutolewa bila marejesho. Wazo la kumpa mtu nyumba kwanza bila kumtaka athibitishe kwamba anastahili lilipata nguvu New York mwaka 1992 kwa kazi ya Sam Tsemberis na watu waliolala barabarani, na baadaye mashirika ya jimbo la Washington yakalirekebisha kwa ajili ya wanaokimbia ukatili: fedha nyumbufu za amana, kitasa, nauli, deni la umeme, chochote kinachozuia paa. Utafiti ulioongozwa na Cris Sullivan wa Chuo Kikuu cha Michigan State, uliowafuatilia wahusika kwa miaka miwili, ulikuta waliosaidiwa hivyo wametulia zaidi kimakazi, na mateso yao yamepungua kuliko ya waliopata huduma za kawaida.

Walihama siku ya 29, siku moja kabla ya tarehe. Mwenyeji alibeba godoro moja na mumewe jingine. Usiku huo mwenyeji hakulala. Alisema nyumba ilikuwa kimya mno. Mwenyekiti alimtembelea mara tatu mwezi ule, kwa sababu aliyepokea naye amesikia mengi na hana wa kumwambia bila kuvunja siri.

Mume aliiomba mahakama imruhusu kuwaona watoto na akapewa Jumamosi mbili kwa mwezi, makabidhiano yafanyike mbele ya mtu wa tatu. Mvulana hataki kwenda, na hilo bado liko mahakamani. Wadogo wanakwenda. Mtu wa tatu sharti awe anayekubalika pande zote mbili, asiyejua mama anaishi wapi, na anayeweza kusimama nusu saa mahali pa wazi bila kutetereka. Kikundi kilipekua majina jioni nzima. Aliyepatikana ni mmoja wa wale wazee wawili waliokuja asubuhi ile na viatu.